Kompyuta ya Parokia Haijafa



Kila tarehe 14 Oktoba Watanzania tunamkumbuka Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki siku hiyo mwaka 1999. Mwaka 2025 tarehe hiyohiyo ilikuja na habari nyingine. Haikusomwa kwenye matangazo ya Dominika, lakini imefika hadi ofisi zetu za parokia: kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masasisho ya usalama ya bure kwa mfumo wa Windows 10. Siku hiyohiyo ilimaliza pia huduma kwa programu za Office 2016 na Office 2019, ambazo katika ofisi nyingi ndizo zinazoandikiwa barua na taarifa za mapato na matumizi.

Tangu hapo swali limekuwa moja, hapa Tukuyu mjini na hata vijijini: je, kompyuta yetu imekufa? Mwenye duka anasema imekufa, naye anayo nyingine ya kutuuzia. Mwanakamati anasema hayo ni mambo ya Wazungu, tuendelee kama kawaida. Mimi ni mpenzi wa kompyuta, na ninaona wote wawili wanatupoteza njia. Kompyuta ya parokia haijafa, lakini pia haifai kuachwa ilivyo.

Tuanze na mambo yenyewe. Windows 10 ilitoka Julai 2015. Mrithi wake, Windows 11, alitoka Oktoba 2021 akiwa na masharti mapya. Kompyuta iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM, toleo la 2.0, na prosesa ya miaka ya karibuni. Kwa Intel, kwa sehemu kubwa, ni kuanzia kizazi cha nane, kilichoanza kutoka mwaka 2017. Kwa hiyo mashine ya mtumba yenye prosesa ya kizazi cha nne au cha sita inaweza kuwa nzima kabisa, inawaka, inachapa, inapiga hesabu, na bado isikubaliwe na Windows 11.

Kukosa masasisho hakuzimi kompyuta. Kinachokoma ni ukarabati. Wezi wa mtandaoni huendelea kutafuta matundu ndani ya mfumo, na mtengenezaji ameacha kuyaziba. Ni kama nyumba ambayo fundi wake wa bati amehama. Haitaanguka leo, lakini sisi wa Rungwe, ambao mvua haitupi likizo ndefu, tunajua tundu dogo kwenye bati hufanya nini kwa dari na kwa magunia yaliyo chini yake.

Microsoft ilitoa nafasi ya mwaka mmoja zaidi kwa watumiaji wa kawaida, hadi 13 Oktoba 2026. Bei iliyotangazwa ni dola 30 za Marekani, zaidi ya shilingi 70,000, ingawa kuna njia ya kutolipa kwa anayekubali kuunganisha mipangilio ya kompyuta yake na akaunti ya kampuni hiyo. Nchi za Eneo la Uchumi la Ulaya ziliondolewa malipo hayo, baada ya watetezi wa walaji kule kushinikiza. Jambo hili linatufundisha kitu. Tarehe ya mwisho ya kompyuta haikushuka kutoka mbinguni. Ni uamuzi wa watu waliokaa mezani, na wenzetu waliouliza maswali walisikilizwa.

Sasa tuangalie hatari mbili zinazotukabili.

Ya kwanza ni kupuuza. Kompyuta ya parokia si ya kutazamia mpira. Ndani yake mna majina ya wabatizwa na wazazi wao, kumbukumbu za ndoa, orodha za zaka, namba za simu za wanajumuiya, pengine hata barua za mashauri ya ndoa yenye machozi. Waseminari wanaosoma Sheria za Kanisa wanaijua kanuni ya 535: paroko awe na mahali pa kutunzia vitabu vya parokia, na ahakikishe haviangukii mikononi mwa watu wa nje. Kanuni hiyo iliandikwa watu wakifikiria kabati na kufuli. Leo kabati limehamia ndani ya mashine, na kufuli lake ni hayo masasisho. Serikali nayo imesema neno: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Ofisi inayounganisha mashine isiyo na ukarabati kwenye intaneti, kisha ikachomeka kila flashi inayotoka steshenari, inahatarisha siri za watu ambao hawakuulizwa.

Hatari ya pili ni kukimbilia kununua. Kanuni ya 1284 inamtaka msimamizi wa mali ya Kanisa afanye kazi yake kwa uangalifu wa baba mwema wa familia. Baba mwema hauzi ng'ombe kwa sababu mtu wa sokoni kamwambia amezeeka. Humpeleka kwanza kwa mtu anayejua mifugo. Katika parokia zetu mchango wa kompyuta mpya unatoka kwa mama aliyebeba mkungu wa ndizi hadi barabarani, na kwa kijana anayechuma chai kwa ujira wa kilo. Fedha hiyo ingeweza kuwa posho ya katekista au bati za kigango. Si dhambi kuitumia kununua kompyuta, lakini kwanza mtu anayejua aseme kwamba hakuna njia nyingine.

Tena tuwe macho na mtumba. Ofisi za nchi tajiri zinapobadilisha mashine zao, nyingi za zile za zamani huishia kwenye masoko yetu. Mashine iliyofukuzwa huko kwa sababu haipokei Windows 11 inaweza kuuzwa kwetu kwa jina la "mpya kutoka nje". Tangu 1 Januari 2025, Mkataba wa Basel unataka taka zote za umeme zinazovushwa mipaka zipate kwanza kibali cha nchi inayozipokea. Lakini karatasi ya mkataba haitakuja kukusaidia dukani. Anayenunua aulize prosesa ni ya kizazi gani na TPM ni ya toleo gani. Muuzaji asiyejibu, muage kwa heshima.

Baba Mtakatifu Fransisko alitoa waraka wa Laudato Si' mwaka 2015, wiki chache kabla ya Windows 10 kutoka. Humo alilikemea zoea la kutupa, ambalo huanza na vitu na kuishia kwa watu. Miaka kumi baadaye tunaambiwa tutupe mashine nzima kwa sababu ya sharti jipya. Na tukizitupa, zitakwenda wapi? Rungwe tuna mabonde na vijito kila upande. Betri na vyuma vyenye sumu vikitupwa kwenye korongo, mvua itavifikisha kwenye maji tunayokunywa.

Nisieleweke kwamba napinga vitu vipya. Navipenda. Tamasha za kampuni zinapoanza saa nne asubuhi kule California, huku kwetu mara nyingi ni saa mbili usiku, na bando langu huishia huko. Mei 2024 Microsoft ilitangaza kompyuta ziitwazo Copilot+, zenye chombo maalumu cha kuendeshea akili mnemba na RAM isiyopungua GB 16. Ni kazi nzuri ya uhandisi. Lakini pamoja nazo ilitangazwa huduma iitwayo Recall, ambayo hupiga picha za kioo cha kompyuta kila baada ya muda mfupi ili mtumiaji aweze kutafuta alichokiona jana. Wataalamu wa usalama walipiga kelele, ikaahirishwa, ikatoka Aprili 2025 ikiwa ya hiari. Kwa mwanafunzi anayetafuta somo lake huenda inafaa. Kwa paroko anayeandika shauri la ndoa, sioni inafaa vipi. Kwa hiyo swali letu lisiwe "kipya ni kipi?" bali "ofisi hii inafanya kazi gani, na ni chombo gani kinaitumikia bila kuisaliti?"

Nchi yetu imewahi kujibu kompyuta kwa kuzifungia mlango. Mwaka 1974, baada ya mradi wa hesabu za Serikali kwenda mrama, uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku. Kukataa kila kitu hakukutujengea ujuzi. Kumeza kila kitu nako hakutujengei. Kujitegemea alikotufundisha Mwalimu hakukuwa kufunga mlango, kulikuwa kujua unachokifanya kwa mikono yako mwenyewe.

Na njia ya kujitegemea ipo. Mifumo huria kama Ubuntu na Linux Mint haina ada, inaendelea kupata masasisho, na inakubali kompyuta nyingi ambazo Windows 11 imezikataa. Ubuntu yenyewe ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Mwaka huohuo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi kwa Kiswahili. Leo LibreOffice, iliyotokana na ukoo huohuo, huandika barua, hupiga hesabu na hufungua mafaili mengi ya Word na Excel.

Napendekeza hivi. Kwanza, nakili kumbukumbu zote kwenye diski ya nje, na diski hiyo ikae mbali na kompyuta, mahali pakavu. Unyevu wa Tukuyu unaharibu vifaa kimyakimya. Pili, jaribu mfumo huria ukiuendesha kutoka kwenye flashi kabla ya kufuta chochote, uone kama printa na modemu vinatambuliwa. Tatu, kama mashine ni nzito, badilisha diski ya zamani kwa SSD na ongeza RAM. Mara nyingi gharama yake ni ndogo kuliko mashine mpya. Nne, kama kuna programu ya hesabu isiyofanya kazi ila kwenye Windows, mashine hiyo moja itengwe na intaneti, au hiyo ndiyo inunuliwe mpya, siyo zote. Tano, kumbukumbu nyeti zifungwe kwa nywila ambayo haijabandikwa ukutani.

Najua pingamizi. Katibu wa parokia mwenye umri wa miaka 60 amezoea vitufe vyake, na kijana aliyeweka mfumo mpya akirudi chuoni, nani atamsaidia? Pingamizi hilo ni zito kuliko yote, na dawa yake si mashine. Ni mtu. Parokia inayobadilisha mfumo bila kuwaandaa watu wawili wa kuutunza imejitafutia shida. Ndiyo maana nawageukia waseminari wenzetu. Wakati wa likizo mnarudi parokiani kwenu, mnasaidia liturujia na mafundisho. Tengeni siku tatu za ofisi pia. Kaeni na katibu, si kumfanyia bali kumfundisha, na mwandikieni hatua zote kwenye daftari kwa Kiswahili chepesi. VIWAWA nao wana vijana wanaotengeneza simu pale mjini. Waitwe, wapewe jukumu, wasiishie kufunga spika siku ya sikukuu.

Siku mbili kabla ya ile 14 Oktoba, Kanisa hukumbuka siku ya Mtakatifu Carlo Acutis, kijana Mwitaliano aliyefariki tarehe 12 Oktoba 2006 akiwa na miaka 15, akatangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Alikuwa mpenzi wa kompyuta kama sisi. Akaitumia aliyokuwa nayo kukusanya habari za miujiza ya Ekaristi, ili wengine wapate kusadiki. Kompyuta aliyoitumia, kwa vipimo vya leo, ingekataliwa na kila duka.

Kabla kamati ya fedha haijakaa kupanga mchango, basi, aitwe mtu mmoja anayejua, aiwashe ile mashine iliyo kwenye kona, aipime, kisha atoe taarifa. Huenda tukanunua, huenda tusinunue. Ila uamuzi uwe wetu.