Maskini Huhukumiwa Kituoni

Tuache kudanganyana. Katika nchi hii ya Tanzania, kesi ya jinai ya mtu maskini haisubiri hakimu. Huamuliwa kituo cha polisi, usiku, mtuhumiwa akiwa pekupeku, amevuliwa mkanda, ameketi mbele ya askari mwenye kalamu. Karatasi inayoandikwa pale inaitwa maelezo ya onyo. Yakishatiwa dole gumba, hati ya mashtaka itayafuata, ushahidi utayafuata, na mara nyingi hukumu nayo itayafuata. Saa hiyo kesi inapozaliwa, wakili hayupo. Wakili wa Serikali atakuja baadaye, analipwa mshahara. Wakili wa mnyonge, kama atakuja kweli, atakuja miaka imeshakatika.

Sheria yenyewe haina ubaya wa maneno. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa polisi saa nne za kumhoji mtu tangu amtie mbaroni, na akihitaji zaidi kuna utaratibu wa kuongeza. Inamtaka amweleze mtuhumiwa kwamba halazimiki kujibu maswali, na kwamba anayo haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Sasa nenda Manzese, nenda Mabatini, nenda Ngarenaro, uwaulize vijana waliowahi kupandishwa karandinga: nani aliambiwa hayo? Na aliyeambiwa, wakili huyo angempata wapi saa nane usiku, na angemlipa nini? Haki ya kumwita wakili kwa mtu asiye na wakili ni ufunguo wa nyumba asiyokuwa nayo.

Wapo wanaodhani jinai zote ni moja. Hawajui kwamba jina la kosa ndilo linaloamua utalala wapi. Shambulio la kawaida, lugha ya matusi, wizi wa simu, kuharibu mali, uzururaji, kukutwa na mali idhaniwayo kuwa ya wizi: yote hayo yana dhamana. Dhamana ya polisi ni bure, na mabango ya kaunta yanasema hivyo. Bure hiyo wangapi wameilipia! Ukifika mahakamani unatakiwa wadhamini wenye vitambulisho na barua za mtendaji. Kijana aliyeshuka basi juzi kutoka Kigoma kuja kubeba mizigo Kariakoo atamtoa wapi mdhamini mwenye barua? Anapelekwa gereza la Segerea kwa kosa ambalo pengine lingeishia kwenye faini.

Kisha kuna makosa yasiyo na dhamana, yale ambayo mawakili wameyazoea kwa jina la kifungu cha 148(5) cha sheria hiyohiyo ya mwenendo: mauaji, uhaini, ugaidi, utakatishaji fedha, unyang'anyi wa kutumia silaha, na dawa za kulevya kwa viwango vilivyotajwa. Hapa hakimu hana la kupima. Hata akikuona huna hatia usoni, hata kama una mtoto wa kunyonyesha, mkono wake umefungwa. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa, na mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikakirudisha kwenye kiti chake.

Sasa tazama hatari iliyojificha hapo. Watu wawili wamegombana kilabuni, mmoja kaondoka na simu ya mwenzake. Hiyo inaweza kuandikwa wizi. Ongeza panga kwenye maelezo, tayari ni unyang'anyi wa kutumia silaha: dhamana hakuna, na ukitiwa hatiani kifungo hakipungui miaka 30. Umbali kati ya mashtaka hayo mawili ni sentensi moja. Anayeiandika ni askari. Anayeisaini ni mtu aliyekesha bila kula, pengine hajui kusoma. Na sisi tunataka wakili aje baada ya sentensi hiyo kukauka wino?

Usidhani haya huwapata wabeba mizigo peke yao. Julai 2019 mwandishi wa habari Erick Kabendera alichukuliwa nyumbani kwake, na mwanzoni tuliambiwa suala ni uraia wake. Alipofikishwa Mahakama ya Kisutu Agosti, mashtaka yalikuwa kuongoza genge la uhalifu, kukwepa kodi na kutakatisha fedha. Neno hilo la mwisho ndilo lililomfungia mlango wa dhamana. Mama yake akafariki naye akiwa mahabusu, na ruhusa ya kwenda kumzika hakuipata. Februari 2020 akatoka baada ya kukiri na kukubaliana na upande wa mashtaka. Huyu alikuwa na mawakili, alikuwa na jina, na dunia ilikuwa inapiga kelele kwa ajili yake. Asiye na lolote kati ya hayo atafanya nini?

Atakiri. Septemba 2019 Rais Magufuli aliwafungulia njia watuhumiwa wa uhujumu uchumi wakiri na kurejesha fedha, na mamia wakaandika barua. Wangapi walikiri kwa sababu waliiba, na wangapi kwa sababu wamechoka kulala ubavu kwa ubavu sakafuni? Hatutajua kamwe. Makubaliano ya kukiri kosa si dhambi, nchi nyingi zinayo. Lakini makubaliano kati ya dola na mtu aliyefungiwa bila dhamana hayana pande mbili. Yana mwenye funguo na mwenye njaa ya kutoka.

Wakati huo wote wimbo wa mahakamani ni uleule: "Mheshimiwa, upelelezi bado haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine." Tarehe inatolewa, karandinga linarudi gerezani, wiki mbili zinapita, wimbo unaimbwa tena. Mwaka 2022 Bunge liliona aibu hiyo, likapitisha kifungu cha kuzuia watu wasishtakiwe kabla upelelezi haujakamilika. Tukashangilia. Kumbe makosa makubwa yaliachwa nje. Yaani yaleyale yasiyo na dhamana, ambayo mtu anaweza kuyaozea rumande, ndiyo yaliyonyimwa kinga. Na kwa miaka mingi Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ilipoona mambo magumu iliondoa shtaka, mshtakiwa akashangiliwa na ndugu zake, kisha akakamatwa upya akiwa bado viwanja vya mahakama.

Utetezi uko wapi katika haya yote? Tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Inasema hakimu au jaji akiona haki inadai hivyo, na mshtakiwa hana uwezo, atafutiwe wakili. Akiona! Haki ya mtu imeegeshwa kwenye jicho la mtu mwingine. Kwa vitendo, anayepewa wakili kwa uhakika ni mshtakiwa wa mauaji, tena kesi ikishapanda Mahakama Kuu. Mawakili hao hulipwa ujira wa kusikitisha, na wengine huonana na mteja wao siku ya kusomewa maelezo ya awali. Mshtakiwa wa unyang'anyi wa kutumia silaha, anayechungulia miaka 30, hujitetea mwenyewe mahakama ya wilaya, akimhoji shahidi polisi kwa maswali aliyofundishwa na mahabusu wenzake.

Tumeshaambiwa kwamba hili ni kosa. Novemba 2015 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapahapa Arusha, ilisema katika shauri la Alex Thomas kwamba Tanzania ilikiuka haki ya mtu huyo kwa kumwacha bila msaada wa kisheria katika kesi ya unyang'anyi iliyompa miaka 30. Mashauri mengine ya namna hiyo yakafuata. Tukajirekebisha? Novemba 2019 Serikali iliondoa tamko lililowaruhusu wananchi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Tumemnyamazisha mwamuzi, mchezo ukaendelea.

Najua watakaosema: mwandishi huyu anatetea vibaka, na aliyeporwa nani atamtetea? Nami nasema aliyeporwa ndiye wa kwanza kudhulumiwa na kesi mbovu. Maelezo yaliyopatikana kwa mateso yakishatupwa na majaji wa rufani miaka kumi baadaye, mwizi wa kweli hajapatikana na wala hatatafutwa tena. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hawakusema mpeni akishanyongwa.

Watasema pia fedha hazipo. Mbona za kushtaki zipo? Tumejenga Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, tumeipeleka mikoani na wilayani, ina magari, ina mawakili wa kuajiriwa. Vizuri, nchi lazima iwe na waendesha mashtaka. Lakini ofisi ya utetezi wa umma iko wapi? Utetezi tumewaachia Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wanasheria wanawake wa TAWLA, wasaidizi wa kisheria wa vijijini wasioruhusiwa kusimama mahakamani, na kampeni ya msaada wa kisheria yenye jina la Rais inayopiga hema wiki moja na kuhama. Hao wote wanafanya kazi ya kuheshimika. Ila haki ya Katiba haiendeshwi kwa hisani ya wafadhili na ratiba ya mahema. Malawi haituzidi utajiri, lakini tangu mwaka 2000 imekuwa na wasaidizi wa kisheria wanaoingia magerezani na vituo vya polisi kuwasaidia waliokamatwa.

Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilimkabidhi Rais ripoti yake Julai 2023. Hatuhitaji tume nyingine. Tunahitaji mambo manne. Maelezo ya onyo yasiyorekodiwa kwa video, au yaliyochukuliwa bila wakili au msaidizi wa kisheria kuwepo, yasipokelewe mahakamani hata kidogo. Hakimu arudishiwe mamlaka ya kupima dhamana kwa kila kosa. Upelelezi uwe na ukomo kwa makosa yote, makubwa kwa madogo. Na Bunge lianzishe ofisi ya mawakili wa utetezi wa umma, yenye fungu lake kwenye bajeti, kuanzia kituo cha polisi hadi Mahakama ya Rufani.

Hadi hapo, msomaji, ndugu yako akikamatwa nenda kituoni siku hiyohiyo, usingoje kesho. Uliza kosa lake na saa aliyokamatwa, uiandike. Mwambie asisaini asichokisoma au asichosomewa. Omba dhamana, na usiilipie. Tafuta wakili au ofisi ya msaada wa kisheria kabla ya kutafuta mtu wa "kuongea na wakubwa". Na mbunge wako akija kuomba kura, muulize swali moja tu: alisimama lini bungeni kudai mshtakiwa maskini apewe wakili? Akikosa jibu, nawe mnyime kura.