Mbwa wa Kutembea Naye Haagizwi Ng'ambo

Miongoni mwa mizigo iliyohamia Dodoma pamoja na wizara, tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba safari hii makao makuu yanahama kwa vitendo, imo imani moja ambayo haikuorodheshwa katika hati yoyote ya uhamisho. Imani hiyo inadai kwamba mtu mstaarabu anayetaka mbwa mtulivu, wa kukaa naye nyumbani na kutembea naye masafa marefu jioni, hana budi kutafuta mbwa wa kizungu, kwa kuwa mbwa wa kienyeji ni mdokozi, mzururaji asiyefundishika na aibu mbele ya wageni. Kauli hiyo husikika kwenye korido za mji wa Serikali wa Mtumba, husomwa katika matangazo ya wauza watoto wa mbwa wenye vyeti, na siku hizi hurudiwa hata na watu waliozaliwa Makole na Chang'ombe, ambao utotoni walisindikizwa dukani na mbwa hao hao wanaowatukana leo. Inaudhi, si kwa sababu inawadhalilisha mbwa, ambao hawana habari nayo, bali kwa sababu inatolewa katikati ya uwanda ambako ushahidi wa kuipinga hupita kila asubuhi nyuma ya ng'ombe, na watu wenye shahada huutazama kupitia kioo cha gari wasiuone.

Mbwa wa kienyeji ni mbwa ambaye hakuzalishwa kwa mpango wa mfugaji wala wa chama cha mbwa, bali amezaana mwenyewe vijijini kwa vizazi visivyohesabika, akichujwa na joto, njaa, kupe na fimbo za wanadamu. Manyoya yake ni mafupi, rangi yake mara nyingi ni ya mchanga, na mwili wake mwembamba kwa kawaida haufiki kilo 20. Mbegu, kwa upande mwingine, ni kundi la wanyama waliochaguliwa na kupandishwa wao kwa wao hadi wakafanana kwa umbo, na mbegu nyingi zinazotajwa kwa heshima hazina ukale unaodhaniwa. Mbwa mchungaji wa Kijerumani, ambaye mitaani huitwa Jamani Shepadi na husifiwa kana kwamba alitoka katika safina ya Nuhu, alianza kuandikishwa kama mbegu mwaka 1899, miaka minane tu kabla Wajerumani hao hao hawajaanzisha mji wa Dodoma mwaka 1907.

Hoja ya msingi ni nyepesi, na wepesi wake ndio unaowafanya wasomi waiepuke. Anayetafuta mbwa mtulivu anayependa kutembea anapaswa kumtafuta mahali ambapo mbwa hutembea kwa utulivu, na mahali hapo ni malishoni. Katika wilaya za Bahi, Chamwino na Kongwa, mbwa wa mfugaji wa Kigogo huondoka zizini ng'ombe wanapofunguliwa baada ya kukamuliwa, huenda nao malishoni, huenda nao kisimani, na hurudi nao jua linapozama. Kwa kuwa uwanda huu hupata msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na mvua yenyewe kwa mwaka haizidi sana milimita 600, kiangazi kinapokolea majani husogea mbali, maji husogea mbali zaidi, na mwendo wa mbwa huyo hurefuka mwezi hadi mwezi bila mtu yeyote kumwandalia ratiba ya mazoezi. Njiani hawakimbizi mbuzi, hawabwekei ndama, hapigani na kila mbwa anayekutana naye, na watoto wachungaji wanapopumzika chini ya mgunga naye hulala kando yao mpaka waondoke. Zikiorodheshwa sifa ambazo mnunuzi wa mitaa ya Kisasa au Ilazo humtajia muuzaji, yaani awe mpole kwa watoto, astahimili mwendo, asibweke ovyo na asimvute mwenye kamba, orodha nzima itakutwa imetimizwa na mnyama ambaye hakuna aliyemlipia hata shilingi.

Uwanda huu umewahi pia kushuhudia jaribio la kinyume chake, tena la mtu aliyejaliwa fedha na matangazo. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita njia ya misafara kuelekea Ugogo akiwa na mbwa mlinzi aliyemleta kutoka Bombay, na mbwa huyo akafa kabla ya kufika Mpwapwa. Somo halikuingia. Mwaka 1874 mtu huyo huyo alirudi na mbwa watano kutoka Uingereza, wakiwemo mastifu, yaani mbwa wakubwa wa ulinzi wenye vichwa vizito, na mmoja wa mastifu hao, Castor, aliuawa na joto katika siku za mwanzo kabisa za safari, Bagamoyo ikiwa bado karibu mgongoni. Wapo watakaomtaja Bull, mbwa mfupi wa pua bapa, aliyejikokota hadi mwaka 1876, lakini msafara ulipofika Boma, karibu na mdomo wa mto Kongo, Agosti 1877, hakukuwa na mbwa hata mmoja kati ya wale watano aliyekuwa hai. Karne moja na nusu baadaye bado kuna watu wanaolipia nauli ya ndege ili kurudia jaribio la Stanley katika kiwanja cha mita 20 kwa 30.

Sababu za kushindwa huko zinaeleweka. Mbwa hapozi mwili kwa jasho kama mwanadamu, kwani tezi zake za jasho zenye kazi ziko hasa katika nyayo. Hupoza damu kwa kuhema, akiupitisha upepo juu ya ulimi na njia za pua zenye unyevu, na kwa hiyo mbwa mwenye pua fupi huwa amenyang'anywa nusu ya chombo chake cha kupozea kabla hajazaliwa. Mwili mkubwa nao huhifadhi joto zaidi kuliko mwili mdogo, na manyoya mazito yaliyokusudiwa theluji hayawi mapambo Oktoba, wakati joto la mchana Dodoma hupita nyuzi 30. Kumtembeza haski, mbwa aliyezalishwa kuvuta magari ya barafuni, katika vumbi la Nzuguni saa tisa alasiri, ni ukatili ambao Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ingefaa kuutazama, ingawa mtendaji wake hupigwa picha na kusifiwa. Kisha wako kupe, ambao hueneza vijidudu vya damu vinavyowadhoofisha mbwa wageni, na iko kasoro ya nyonga, yaani kutokukaa sawa kwa kichwa cha mfupa wa paja katika tundu lake, ambayo mbwa wachungaji wa Kijerumani wanajulikana nayo ulimwenguni kote. Mbwa anayeumwa nyonga hawezi kuwa mwenzi wa matembezi marefu, hata cheti chake kikiwa na mihuri mitatu.

Jambo la kushangaza ni kwamba watu wa Kanda ya Kati walikwisha kulijua somo hili kwa ng'ombe. Katika kituo cha utafiti wa mifugo cha Mpwapwa, ambacho historia yake inaanzia enzi za Wajerumani, watafiti wa karne ya 20 walipotaka ng'ombe atakayetoa maziwa bila kufa kiangazi hawakuleta ng'ombe wa Ulaya na kumtumbukiza Kongwa, bali waliunganisha damu ya zebu wa kienyeji na Borani na ile ya Sahiwali na Sindi wa nchi kame za Asia, wakaongeza chembe tu ya damu ya Ayrshire, na matokeo yake yakaitwa ng'ombe wa Mpwapwa. Ofisa anayeweza kueleza jambo hilo kwa ufasaha katika semina ya mifugo hurudi nyumbani jioni na kumfungulia lango Rottweiler wa kilo 50 anayehema kivulini, na haoni mgongano wowote.

Sayansi ya vinasaba, yaani elimu ya urithi wa viumbe, nayo haikuwasaidia waumini wa vyeti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science, uliokusanya taarifa za mbwa zaidi ya 18,000, ulionesha kwamba mbegu ya mbwa hueleza wastani wa asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Anayenunua tabia kwa kusoma jina la mbegu, basi, ananunua asilimia 9 na kulipia 100. Utafiti mwingine wa mwaka 2009, uliochunguza mbwa wa vijijini wa Uganda, Misri na Namibia, uligundua kwamba mbwa aina ya Basenji, ambaye Waingereza walimchukua kutoka Kongo katika miaka ya 1930, kiurithi yumo katika kundi la mbwa wa asili wa Afrika, ilhali mbwa wa Rodeshia mwenye mstari mgongoni, anayeuzwa kama fahari ya Afrika, kwa sehemu kubwa ana asili ya nje. Basenji leo hutangazwa Ulaya na Marekani kama mbwa nadhifu asiyebweka hovyo, na mnunuzi wa Dodoma atakayemwagiza atakuwa anamlipia nauli ndugu wa mbwa anayelala bure pembeni ya tembe huko Bahi.

Pingamizi linalotolewa mara nyingi zaidi ni kwamba mbwa wa kienyeji hafundishiki, na ukiulizwa ushahidi wake hupatikana kwamba mwenye mbwa alimpa mnyama amri kwa Kiingereza naye hakutii. Mbwa aliyezaliwa Hombolo, akaamriwa kukaa kwa lugha ambayo hata mwenye kuamuru huitamka kwa mashaka, ana kila sababu ya kuendelea kusimama. Wapo wengine wanaoingiza dini, wakisema mate ya mbwa ni najisi. Lakini najisi hiyo, kwa mujibu wa fikihi ya Kishafii inayofuatwa na Waislamu wengi wa Tanzania, haibagui mbegu, na chombo kilichorambwa na mbwa wa kizungu huoshwa mara saba, moja kwa udongo, sawasawa na kilichorambwa na mbwa wa Mgogo. Hoja hiyo ni ya kutofuga mbwa ndani, na haina uhusiano wowote na kuagiza.

Utulivu hauzaliwi na cheti. John Paul Scott na John Fuller, katika kazi yao ya miaka mingi huko Bar Harbor, Marekani, iliyochapishwa mwaka 1965, walieleza kwamba kipindi cha wiki ya 3 hadi ya 12 ndicho ambacho mtoto wa mbwa hujifunza nani ni mwenzake na nini si cha kuogopwa, na kwamba anayenyimwa watu katika wiki hizo hukua na hofu. Mtoto wa mbwa wa kijijini hupitisha wiki hizo kati ya watoto, kuku, mbuzi, baiskeli na ngoma za harusi, wakati yule wa muuzaji hupitisha wiki hizo hizo katika kizimba, kisha akasafirishwa gizani na kutiwa katika banda la mabati nyuma ya nyumba, ambamo hutolewa usiku tu. Baada ya mwaka mmoja wa kifungo mwenye nyumba hubandika langoni kibao cha MBWA MKALI, akijisifu kwamba amepata mbegu halisi, ilhali alichopata ni mfungwa aliyechanganyikiwa. Na mbwa huyo atatembezwa wapi? Mji unajengewa barabara ya mzunguko yenye urefu wa kilomita 112.3, na mitaa yake mipya inazidi kuzungushiwa kuta zenye vipande vya chupa juu, lakini mtembea kwa miguu kutoka Iyumbu au Ihumwa bado hugombania ukingo wa lami na bodaboda, kana kwamba miguu ni dalili ya umaskini ambayo mipango miji imepania kuitokomeza.

Dharau hiyo kwa mbwa wa kienyeji ina gharama nyingine, nayo ni damu. Kila mara hofu ya kichaa cha mbwa, yaani ugonjwa wa virusi unaoshambulia ubongo na kuua karibu kila anayefikia hatua ya dalili, inapopanda, husikika wito wa kuwapiga risasi mbwa wazururaji, ingawa Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kwamba kuua mbwa hakuuzuii ugonjwa huo na kwamba kinachouzuia ni kuchanja angalau asilimia 70 yao. Makadirio ya kitafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 yaliweka vifo vya watu kwa ugonjwa huo Tanzania karibu 1,500 kwa mwaka. Nchi yenye kilio cha namna hiyo ilipaswa kumpeleka mbwa wa jirani kwenye chanjo, lakini mwenye mbwa wa kizungu huchanja wa kwake, hufunga lango, na kuwaona wa nje ya ukuta kuwa takataka.

Anayetaka mbwa wa kutembea naye ana safari fupi tu. Aende kijijini, amwone mama wa watoto wa mbwa akiwa katika kazi yake, kwa sababu mama asiyewang'akia wageni bila sababu ni cheti bora kuliko karatasi. Achukue mtoto wa wiki 8 anayesogelea mkono badala ya kuukimbia. Amchanje dhidi ya kichaa atakapotimiza miezi mitatu na kurudia kadiri daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Amzoeze kamba mapema, na matembezi yafanyike alfajiri kabla changarawe haijaanza kuungua. Fedha ambayo ingelipia ndege, kizimba na mihuri itamlipa daktari huyo kwa miaka mingi, na sehemu yake itunzwe kwa ajili ya viatu vya mwenye mbwa, ambavyo katika ardhi ya Dodoma huisha kabla nyayo za mnyama hazijapata hata mchubuko.