Mbwa Koko Hazaliwi Kichakani

Mbwa wazururao wanapozidi mitaani, kilio cha wakazi huwa kimoja: wauawe! Basi sumu hutegwa, mizoga huzolewa, na haupiti muda wengine wamekwisha kushika mahali pao. Miongoni mwa waliouawa hawakosi waliokuwa wamechanjwa.

Mwaka 2014 Kenya iliazimia kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Shirika la Afya Duniani hushauri mbwa asilimia 70 wachanjwe. Lakini asilimia hiyo itadumu vipi, ilhali jike hubeba mimba siku 63 tu na aweza kuzaa mara mbili kwa mwaka?

Ndiyo maana twadai kliniki za jamii za kuwahasi madume na kuwafunga majike kizazi kwa ada ndogo. Wapo watakaocheka. Ajabu ni kwamba wafugaji wetu hawajapata kuona haya kumhasi fahali. Lugha yenyewe ikampa jina, maksai. Mbona mbwa na paka twawaachia Mungu, kisha watoto wao twawatupa jalalani? Huyo tumwitaye koko, aghalabu mamake ana mwenyewe.

Kizuizi ni gharama. Mzazi atafutaye karo hatalipia upasuaji wa paka. Hata hivyo, chanjo ya mbwa mara nyingi hutolewa katika viwanja vya shule, na wanaowakokota kwa kamba ni wanafunzi. Kaunti na zitenge fungu, ili siku hiyo hiyo daktari wa mifugo awaandikishe wanyama hao kwa upasuaji, mwalimu akiishika orodha.