Amri ya Mkubwa na Dhamiri ya Askari

Askari hufundishwa kutii, na ndivyo ipasavyo, kwani jeshi lisilo na utii ni kundi tu la watu wenye silaha. Lakini utii una mpaka wake. Wanafalsafa wamejadili mpaka huo tangu kale. Je, watafiti nao wana neno la kutuambia?

Mwaka 1961, Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alianza kuwajaribu raia wa kawaida. Kila mmoja aliamriwa kumpiga mwenzake kwa umeme kila alipokosea jibu, akizidisha nguvu hadi volti 450. Umeme huo haukuwapo, na mpigwaji alikuwa akiigiza. Lakini wapigaji hawakuambiwa hivyo. Kati ya watu 40, watu 26 walitii hadi mwisho, ingawa wengi walitetemeka na kutokwa na jasho.

Je, kwa kuwa wengi walitii, kutii kule kulikuwa haki? La hasha! Hesabu hueleza jinsi watu walivyo. Haiamui jinsi wapasavyo kuwa. Mwanafalsafa David Hume alikwisha kutahadharisha juu ya kosa hilo mwaka 1740.

Hata hivyo, mwalimu wa maadili asiyejali utafiti naye hupotea. Atadhani kwamba mtu mwema hukataa uovu kwa wema wake tu. Wale 26 hawakuwa majambazi. Tena, katika jaribio jingine, wenzi wawili waliopangwa kwa siri walikataa kuendelea. Hapo, kati ya watu 40, waliofika mwisho walikuwa 4 tu. Kumbe ujasiri wa mmoja huamsha dhamiri ya mwingine.

Kanuni za Nuremberg, zilizoandikwa na Tume ya Sheria za Kimataifa ya Umoja wa Mataifa mwaka 1950, zasema kuwa amri ya mkubwa haimwondolei mtu dhima, iwapo alikuwa na nafasi ya kuchagua. Maadili yameweka sheria hiyo. Utafiti umeonyesha jinsi nafasi hiyo inavyoponyoka, na jinsi inavyoweza kushikwa.

Kwa hiyo haitoshi kumsomea kuruta orodha ya makatazo. Vyuo vya jeshi na polisi havina budi kumzoeza kuitambua amri haramu na kuikataa kwa adabu, mbele ya wenzake. Amri halali na itiiwe upesi. Lakini itolewapo amri ya kumtesa mtu aliyefungwa mikono, pawepo mmoja wa kusema hapana, na wa pili wa kusimama naye.