Uzee Hauingii kwa Siku Mbili

Mzee wa miaka 78 analazwa kwa nimonia. Jumatatu anaingia wodini kwa miguu yake, akiwataja wajukuu mmoja mmoja. Jumatano hajui yuko wapi, anang'oa dripu na kumwita mwanawe kwa jina la marehemu kaka yake. Ndugu wakiuliza, jibu liko tayari: "Huo ni uzee tu." Kinachoniuma zaidi ni kwamba nao wanalikubali.

Mimi silikubali. Uzee hauingii kwa siku mbili. Aliyekuwa na akili timamu juzi na leo anaweweseka, ana jambo jipya mwilini: maji yamepungua, mkojo umeziba, sukari imeshuka, maambukizi yamezidi, au dawa imemlevya. Ni kweli umri hupunguza akiba ya mwili, hata kitu kidogo kikamwangusha mtu. Basi hiyo ndiyo sababu ya kukitafuta mapema.

Tena wazee wengi hawaji na ugonjwa mmoja. Presha, kisukari, moyo, magoti. Kila kliniki na kadi yake, kila daktari na cheti chake. Chukua amlodipini, dawa ya presha inayotumika sana. Kwa baadhi ya watu huvimbisha miguu. Mzee anarudi na miguu imevimba, anaandikiwa dawa ya kukojoa. Sasa usiku hakukaliki kitandani, kila mara chooni. Akisimama presha inashuka, kizunguzungu kinamshika, anaanguka na kuvunjika nyonga. Wodini anawekewa mpira wa mkojo na kulazwa chali wiki nzima, misuli inanyauka, ngozi ya makalio inaanza kuchubuka. Akipewa na valiamu ili asisumbue wenzake usiku, kuchanganyikiwa kunazidi. Katika mlolongo wote huo, umri haukuandika dawa hata moja.

Wapo wanaosema kuyazuia haya kunahitaji mashine tusizokuwa nazo. Lakini mwaka 1999 Sharon Inouye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 852 wenye miaka 70 na zaidi. Baadhi yao waliwakumbusha siku na mahali walipo, wakawatembeza, wakawanywesha maji, wakawavalisha miwani na vifaa vya kusikia, wakapunguza kelele usiku. Kati ya hao, waliochanganyikiwa ghafla walikuwa asilimia 9.9; kwa waliopata huduma ya kawaida, asilimia 15. Miwani na maji! Huku kwetu miwani ya mzee huachwa nyumbani isije ikaibiwa.

Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, na hospitalini kuna madirisha ya wazee wa miaka 60 na kuendelea. Ni jambo jema, lakini kuvushwa foleni hakutoshi kama mwisho wa foleni ni jibu lile lile.

Kila raundi ya asubuhi iulize: jana alikuwaje, ametembea, amekunywa, mpira unatoka lini? Dawa zake zote, pamoja na za dukani na za mitishamba, ziwekwe mezani na mtu mmoja azipitie. Nasi ndugu, tunaomjua mzee kuliko faili linavyomjua, tuseme "Baba hakuwa hivi juzi," na tusiondoke kando ya kitanda mpaka apimwe upya.