Elimu ya Juma: Jina Lisilo na Thamani

Karani akiita jina siku ya mshahara na mtu asiitike, huuliza mara moja: hayupo, au jina limekosewa? Kompyuta haiulizi hivyo mpaka mwandishi wa programu aiamuru.

Katika programu za tovuti kila kiasi hupewa jina. Tuseme programu inakokotoa malipo ya askari: mshahara, kisha posho. Ikiwa herufi moja ya neno "posho" itakosewa, au mwandishi akasahau kulipa jina hilo thamani, kompyuta hukuta jina tupu. Yatakayofuata hutegemea lugha ya programu.

JavaScript, lugha iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995, ikikuta jina lisilotangazwa husimamisha kazi. Hilo ni afadhali, kwani kosa limejionyesha. Lakini jina likiwa limetangazwa bila kupewa thamani, jumla hutoka "NaN", maana yake "si namba", na kazi huendelea. Lugha ya PHP, iliyoanzishwa na Rasmus Lerdorf, hulihesabu jina tupu kuwa sifuri katika kujumlisha. Toleo la 8 la mwaka 2020 lilikaza onyo lake, ila hesabu haisimami. Askari huandikiwa mshahara bila posho, na karatasi huonekana safi.

Hapo ndipo penye hatari. Kosa lenye kelele husahihishwa siku ile ile. Kosa la kimya hufika nyumbani, likapunguza unga jikoni na ada ya watoto.

Kwa hiyo, kabla ya kulitumia jina, programu haina budi kuuliza kama lina thamani. Katika PHP swali hilo huulizwa kwa neno "isset"; katika JavaScript kwa neno "typeof", ambalo halisimamishi kazi hata kama jina halijatangazwa popote.

Jibu likiwa "halina", mwandishi asijaze sifuri kwa pupa. Sifuri ni kiasi kinachojulikana: askari hana posho. Jina tupu lasema jambo jingine: posho yake haijulikani. Yafaa programu isimame na kulitaja jina lililokosekana, ili karani alitafute.

Kijana anayejifunza kazi hii na azingatie hayo mapema. Tahadhari kabla ya hatari.