Mchagua Jembe Ndiye Mkulima

Limekuwa jambo la kawaida, katika mikutano yetu walimu wa Kiswahili wa hapa Bujumbura, kusikia lawama moja ikirudiwa kama kiitikio cha ngoma: wanafunzi wa siku hizi hawasomi, akili zao hazitulii, wakishika kitabu hukiacha kabla ya kufika ukurasa wa kumi, na wakishakiacha hukimbilia simu na filamu. Mwisho wa lawama hiyo hutolewa methali, nayo ni ile isemayo kwamba mchagua jembe si mkulima. Kwa wenzetu wanaoitumia hivyo, maana yake ni kwamba mwanafunzi anayebagua vitabu si msomaji, na dawa yake ni kumshikisha kitabu kimoja mpaka akimalize, apende asipende.

Makala haya yanapinga rai hiyo. Nadai kwamba akili kuhamahama si maradhi yaliyozuka na kizazi hiki. Kwamba msomaji huanza kuwa msomaji pale anapojua kukiacha kitabu kisichomfaa na kukitafuta kinachomfaa. Na kwamba kasoro kubwa ya ufundishaji wetu ni kumnyima mwanafunzi njia ya kukipata hicho cha pili. Ama hiyo methali, nani alituambia kwamba mkulima hachagui jembe? Pandeni milima ya Mumirwa inayoutazama mji wetu, mkamwulize mama yeyote aliye shambani. Atawaeleza kwamba jembe jipya lililo zito ni la kuvunjia ardhi, na lile lililolika ndilo la kupalilia maharagwe. Anayelima kwa jembe lolote analopewa ni kibarua, na mara nyingi shamba si lake.

Rafu ya lugha nne

Kiswahili hakikuingia Bujumbura kwa vitabu. Kiliingia na misafara ya biashara iliyotoka pwani, kikatumiwa na Wajerumani walipoweka kituo chao Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, na Wabelgiji walipowaondoa Wajerumani hao mwaka 1916, lugha haikuondoka nao. Ilibaki Buyenzi na Bwiza, bandarini, sokoni, misikitini na katika karakana za magari. Mji ulipobadili jina mwaka 1962 na kuitwa Bujumbura, lugha yake ya mitaani iliendelea kuwa ile ile. Lakini ilibaki pia na doa: kumwita mtu "Mswahili" katika nchi hii kumekuwa mara nyingi sawa na kumwita mjanja asiyeaminika.

Tangu katikati ya miaka ya 2000 Kiswahili kimeingizwa katika shule za msingi, sambamba na Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Mwaka 2007 nchi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na hoja ya kujifunza Kiswahili ikapata nguvu zaidi. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Yote haya ni mema, na twayashangilia. Lakini mtoto aliyekabidhiwa lugha nne ana swali lake la siri ambalo hatumwulizi: je, katika lugha hizi nne, ni ipi nitakayoisoma pasipo mtu kunitazama?

Jibu lake halitegemei mapenzi ya lugha. Hutegemea kipo nini cha kusoma baada ya kile alichokwisha kusoma, au alichokwisha kukiacha. Anayechoshwa na kitabu cha Kifaransa ataingia maktaba ya Kituo cha Kifaransa mjini, akapekua rafu, akakuta riwaya nyingine, au kitabu cha hadithi za picha. Anayechoshwa na kitabu cha Kiswahili hana pa kwenda. Mkononi ana kitabu cha kiada, na kitabu cha kiada kikifungwa, Kiswahili nacho kimefungwa mpaka kipindi kijacho. Kisha twasema kwamba mtoto huyo hana utulivu!

Hata wa kale walihamahama

Wenzetu husema kwamba babu zetu walikuwa na subira. Yafaa tuichunguze subira hiyo. Watu waliokaa kusikiliza hekaya za Abunuwasi hawakusikiliza kitabu kizima kwa pamoja. Walisikiliza kisa kimoja, wakacheka, wakanywa kahawa, wakataka kingine. Katika Alfu Lela U Lela, Shehrazadi aliponea kwenye ufundi mmoja tu, nao ni ule wa kunyamaza alfajiri pale ambapo mfalme hawezi kuvumilia bila kusikia mwisho. Mtunzi wa utenzi aliugawa utungo wake katika beti fupi za mishororo minne. Wote hao walijua kwamba akili ya msikilizaji ni ndege: hukaa tawini kidogo kisha huruka. Kazi yao ilikuwa kuweka tawi jingine karibu.

Uchapaji ulipoenea, wajuzi wa kazi hiyo waliendelea nayo. Muhammed Said Abdulla alitupa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Faraj Katalambulla akatoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba akamtuma Willy Gamba kazini katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Wahakiki wengi walizikunjia uso riwaya za namna hii za upelelezi, wakaziona kuwa ni za kupitishia wakati tu. Lakini zilisomwa. Zilipita kutoka mkono hadi mkono mpaka majalada yakang'oka, na wengi waliofika baadaye kwa Shaaban Robert na Kezilahabi walipitia mlango huo.

Hadithi za picha nazo zilifanya kazi kama hiyo. Nchini Kenya, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa miongo mingi katika magazeti ya Kiswahili. Tanzania ilikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na jarida la Sani lililojaa michoro na vichekesho. Mwaka 2010 Kenya ilianza kuchapa Shujaaz, kijarida cha katuni kilichogawiwa bure, kwa lugha ya vijana wa mitaani, nacho mwaka 2012 kikapata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Tunaweza kubishana juu ya lugha yake ya Sheng, na mimi ningekuwa wa kwanza kubishana. Lakini hatuwezi kukana kwamba vijana walikisoma bila ya kulazimishwa.

Wapo watakaosema kwamba katuni ni za watoto na wavivu. Na waitazame nchi ile ile iliyotutawala baada ya Wajerumani. Tangu mwaka 1989 mji wa Brussels una jumba la makumbusho la katuni, na Wabelgiji wanajivunia wachoraji wao kama wanavyojivunia wachoraji wao wa karne zilizopita. Haikuonekana kwamba taifa hilo limeacha kusoma kwa sababu hiyo.

Somo la mfasiri wa filamu

Kuna fundi mwingine ambaye shule zetu zimemdharau, naye ni yule anayeifasiri filamu ya kigeni kwa Kiswahili huku ikionyeshwa. Jijini Dar es Salaam alipata sifa Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Kenya yuko DJ Afro. Fundi wa aina hii hafasiri tu maneno. Anapoona watazamaji wameanza kupiga soga, hutia mzaha, huwapa wahusika majina ya mtaani, huwakumbusha nani ni adui wa nani, na watu hurudi kwenye hadithi. Hawatukani kwa kutotulia. Huwafuata pale akili zao zilipokwenda, akawarudisha.

Vijana wengi wa Bujumbura, hasa waliokulia katika nyumba za Kirundi, wameongeza Kiswahili chao kwa filamu za Tanzania na kwa nyimbo za Bongo Fleva kuliko kwa vitabu vyetu. Marehemu Steven Kanumba, aliyefariki mwaka 2012, aliwafundisha msamiati ambao sisi hatukuufikia. Badala ya kuwashindana wasanii hawa, tungewaomba watupokeze wanafunzi. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, ilifanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Kijana anayeivutiwa filamu hiyo amekwisha fika mlangoni mwa riwaya. Kilichobaki ni mtu wa kumwambia kwamba kitabu kipo, na wa kumtilia kitabu hicho mkononi. Vivyo hivyo, Ubongo Kids ya Tanzania, iliyoanza mwaka 2014, na michezo mifupi ya Noa Bongo ya Redio Deutsche Welle, iliyoanza mwaka 2008, ni ngazi za kupandia. Anayeidharau ngazi na abaki chini.

Hatari ya upande wa pili

Nisieleweke kwamba nawatetea wanaosema, "Mwacheni mtoto na simu yake, atapata mwenyewe." Hao nao wanapotea. Simu humpendekezea mtu kinachofanana na alichokitazama jana. Aliyetazama kichekesho kimoja hupewa vichekesho mia. Aliyetazama mapigano hupewa mapigano. Akili yake huhama kutwa nzima bila kufika mahali papya, kama ng'ombe wa kukamulia ufuta anayekizunguka kinu. Mashine hiyo haijui kwamba kijana huyu amefiwa na babake, au kwamba anapenda mpira, au kwamba anaona haya kusoma kwa sauti. Kitabu kipya hasa hupatikana kwa mtu anayetujua.

Gaël Faye, mzaliwa wa mji huu, ameyaonyesha haya katika Petit Pays, riwaya yake ya mwaka 2016. Gabriel, mtoto wa Kinanira, anaishi wakati vita vinakaribia kichochoro chao. Jirani yake, mama wa Kigiriki, anamfungulia nyumba iliyojaa vitabu, anamwazima kimoja, kisha anamwuliza amekionaje, kisha anamwazima kingine. Hakuna mtihani, wala kurasa za kuhesabiwa. Kuna mtu mzima aliyevisoma vitabu vyake na aliyemtazama mtoto kabla ya kuchagua. Swali linalotuumiza ni hili: katika Bujumbura nzima, ni nani aliye jirani wa namna hiyo kwa Kiswahili? Kama si mwalimu wa Kiswahili, basi hakuna.

Kujibu pingamizi

Watauliza wenzetu: tukimruhusu mwanafunzi kuacha vitabu, atafika lini kwenye fasihi nzito? Nawajibu kwa Kezilahabi mwenyewe. Rosa Mistika ya mwaka 1971 ilipigwa marufuku mashuleni kwa kitambo, na vijana wakaisoma. Baadaye ikaja kuwa kitabu cha kutahiniwa. Walioitafuta kwa hiari walikuwa na njaa nayo. Wengi waliopewa kwa lazima waliitafutia muhtasari. Tena uzito hauko katika unene: Nagona ya mwaka 1990 ni kijitabu chembamba mno, nacho kimewashinda wasomi wenye shahada. Kumlazimisha mtoto kukimaliza kitabu kinene hakumwandai kwa kitabu kigumu. Humwandaa kukichukia.

Watauliza pia: vitabu vitoke wapi, na mishahara yetu ni hii? Ni kweli kwamba vitabu vya Kiswahili vinachapwa mbali, Dar es Salaam na Nairobi. Lakini malori hupita Kobero kila siku na vyombo vya Kigoma hutia nanga bandarini mwetu, navyo huleta kila kitu kinachoulizwa. Vitabu haviji kwa sababu hatujaviuliza.

Mapendekezo

Nayaweka mbele ya chama chetu mambo manne. Kwanza, kila mwalimu awe na sanduku la vitabu, hata kama ni kumi tu, vikiwemo vya katuni, vya upelelezi na vya visa vifupi; na mwanafunzi awe na haki ya kurudisha kitabu baada ya kurasa ishirini bila ya kuadhibiwa, ila aseme kilimchosha wapi. Jibu hilo ndilo litakalomwongoza mwalimu kuchagua kingine.

Pili, liwepo daftari la kupokezana, ambamo kila msomaji ataandika jina la kitabu na mstari mmoja wa kumweleza mwenziwe ni cha nani: cha apendaye vichekesho, cha aliye na majonzi, cha mwenye dakika kumi tu.

Tatu, dakika kumi za mwisho wa kila kipindi mwalimu asome kwa sauti, naye aache pale hasa ambapo darasa linapiga kelele za kutaka mwisho. Kitabu hicho akiache mezani.

Nne, jarida letu lichapishe hadithi ya mfululizo katika kila toleo, iliyoandikwa na Mrundi, yenye Buyenzi, Kinama na ziwa letu ndani yake. Maana mtoto asiyeuona mtaa wake katika kitabu chochote cha Kiswahili ana sababu nzuri ya kukitupia macho dirishani.

Walimu wenzangu, tumewahi kuitetea lugha hii mbele ya walioidharau kuwa ni ya sokoni na ya wajanja. Utetezi wa maneno umekwisha kazi yake. Ikiwa mtoto wa Buyenzi atacheka kwa Kiswahili, atanunua na kuuza kwa Kiswahili, lakini akitaka kusoma ahamie Kifaransa, basi dharau ile itakuwa imeshinda, na walioipa ushindi ni sisi tuliokuwa na ufunguo wa sanduku. Na tulifungue, tuyatandaze majembe yote chini, wanafunzi wetu wachague.